Stempu ya Thamani ya Zizi Zima

Nyamwaga, Jumanne jioni

Dada Nyangi, shikamoo. Mama msomee salamu tu, mengine umfiche.

Mimi na Mwalimu, yule Mmarekani ninayemtafsiria, tuko kwa Mzee Marwa. Tumepewa ugali wa wimbi na maziwa ya mgando. Kule Bomani Mwalimu alinunua kwa mwenye duka stempu kuukuu ya kwao, ya kahawia, katika zile za kwanza kabisa ambazo hata meno pembeni hazina. Leo wenyeji wakamuuliza kakaratasi hako kana thamani gani. Kabla sijamzuia akajibu kwa Kiswahili chake, anafurahi: "Zizi zima la ng'ombe!"

Dada, huku kwenye wizi wa ng'ombe, nani hutangaza ng'ombe wake? Tangu mchana wanaume wanakuja mmoja mmoja na mikuki. Stempu hawaiulizii. Wanauliza tu, kwa upole, "Kesho mtapita njia gani?" Mwalimu anasema ni watu wakarimu.

Wasalimie watoto, mtuombee. Stempu iko wapi sasa, siandiki. Kadi hii ya posta haina bahasha, yeyote aweza kuisoma, na atakayeipeleka posta ameketi hapa mlangoni, anasubiri nimalize.

Nduguyo, Samweli