Swali Nililomuuliza Baba Wodini

Mtaa wa Dallas,
Embu.
11 Desemba 2016

Mpendwa ndugu yangu Mwirigi,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, wewe na Mukami hamjambo huko Doha, na joto mnalivumilia? Sisi tuko, mvua imeshika na Embu ni matope tu. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Baba yu hai. Nimeanza na hilo usije ukashtuka. Lakini amepasuliwa mara mbili, si mara moja kama ulivyoambiwa, na hiyo ya pili ililetwa na adabu zake.

Unajua alikuja kwangu kutoka Kibirichia, utumbo ukajikunja akiwa hapa, wakakata kipande na kuunganisha. Daktari alitupa jambo la kuangalia. Hewa ikipita chini, utumbo umeanza kazi na anaweza kunywa uji. Isipopita, na tumbo likijaa, waambiwe mara moja, maana huenda pale palipounganishwa panavuja.

Sasa nesi wa wodi alikuwa nani? Njoki, dada wa mke wako. Mkwe wetu. Kila asubuhi alimwuliza kwa heshima kama hewa imepita, na Baba, Mzee Bundi mwenyewe, mzee wa kanisa, akajibu ndiyo, asante mwanangu. Angesemaje mambo ya kujamba mbele ya mkwe? Njoki akaandika kwenye faili, uji ukaruhusiwa. Kina mama wa kanisa wakaja na thamosi ya uji wa wimbi, na kwa kuwa walitoka mbali, akanywa vikombe viwili.

Siku ya nne nilimpa mkono, nikakuta wake umelowa jasho tena ni baridi. Alikuwa na kwikwi, anahema haraka haraka, na shuka ameivuta mpaka kidevuni nisione tumbo. Nikakupigia. Ukaomba kuongea naye, akakuambia yuko fiti, nawe ukaniambia niache kutisha watu. Mwirigi, maneno hayo sijayasahau na sitaki kukuficha.

Njoki alikuwa amesimama pale na faili inayosema kila kitu kiko sawa. Angekuwepo marehemu Mama, angemwuliza yeye. Nikamwuliza mimi, kwa Kiswahili badala ya lugha ya nyumbani, na kwa sauti, ili Njoki naye asikie:

"Baba, tangu upasuliwe umejamba au hujajamba?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainua vichwa. Baba akageukia ukuta.

"Sijajamba," akasema. "Hata mara moja."

Njoki akatupa faili kitandani, akafunua shuka. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Jioni ile ile akarudishwa chumba cha upasuaji, wakakuta kweli panavuja. Daktari alisema kesho yake tungekuwa tumechelewa. Na huyu ndiye anayewatolea watu kanisani ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua!

Sasa ana mfuko ubavuni wa kupitishia choo, na anaendelea kupata nafuu. Lakini hanisemeshi. Wiki tatu hizi nampikia, namfulia, na akikosa chumvi anainuka mwenyewe kuitafuta. Watu wa kanisa nao wanasema nilimvua baba yangu nguo hadharani. Imeniuma sana, ingawa sijutii.

Machi atapasuliwa tena ili utumbo uunganishwe. Wodi ni ile ile, nesi ni yule yule. Nimemsihi aahidi kwamba safari hii atasema ukweli, naye akanijibu kwa ufupi kwamba Mungu ni mwema.

Ndiyo maana nakuandikia. Omba likizo uje ukae kando ya kitanda chake, wewe mwanamume. Usimwulize habari, kwa sababu habari zake ni njema siku zote. Mwulize tumbo, kisha ufunue shuka uone kwa macho yako. Mimi nimeshamvunjia heshima mara moja akapona, na sasa nakula peke yangu ndani ya nyumba yangu. Ya Machi ni zamu yako.

Msalimie Mukami, umwambie dada yake hana kosa, alidanganywa kama sisi. Shangazi Igoki anawasalimu pia. Mungu awalinde huko ugenini na awarudishe nyumbani salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye pamoja na hasira zangu zote,

Cicily Karwirwa