Neno Moja Kuhusu Jiko la Toivo

Mshauri wangu, nisaidie kabla Jumamosi haijafika,

Mimi ni mhariri wa lugha katika gazeti dogo la kila wiki hapa ufukweni mwa Ziwa Superior, miaka ishirini na sita nanyoosha sentensi za wenzangu, hata nikiwaona bata bukini wakipita juu ya ziwa natamani kuwawekea mkato pale wanapoachana, basi mwezi uliopita mabanda mawili ya mashua yaliungua, la mzee Toivo Lahti na la jirani yake Reino Maki, mabanda yaliyopakana kwa ukuta mmoja, na mwandishi wetu Marlys akaleta habari yenye sentensi hii: "Toivo alimwambia Reino kwamba jiko lake ndilo lililoachwa likiwaka." Lake nani? Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, ukameza gati, ukameza barabara, ukafika dirishani kwangu, nikawa kama naelea na yale maneno mawili, nikaona wazi, vile mtu anavyoona wazi ndotoni, kwamba jina la karibu ni Reino, nikaandika "jiko la Reino", nikaridhika, na simu ilikuwa pale pale mkononi mwangu lakini sikumpigia Marlys.

Mshauri, Toivo alikuwa anakiri! Alimwendea mwenzake akilia, akamwambia jiko ni langu, nisamehe, na Reino akamsamehe papo hapo, halafu gazeti likatoka, Reino akaamini mwenzake amemgeuka mbele ya mwandishi. Miaka arobaini wamekula mkate wa iliki meza moja pale mgahawani, sasa wamepeana migongo. Juzi nilimsikia Toivo akisema, "Reino, mimi sikusema vile," na Reino bila kugeuka, "Ah, kumbe gazeti lilijiandika lenyewe?" Mgahawa mzima ukacheka, nami nikacheka nao. Marlys hakubaki na nakala ya alichoandika, anadhani ni yeye aliyekosea, anaomba radhi mitaani. Na Jumamosi Toivo anahamia Arizona kwa binti yake, harudi tena. Nikisema, nani ataniamini na kalamu?

Mwenye Kalamu, Minnesota

*

Mwenye Kalamu,

Pole. Unaandika vizuri, nami nilielea nawe hadi mwisho wa aya ya kwanza, na hapo ndipo nilipokasirika, maana umeubebesha ukungu kosa lako. Ukungu haukushika kalamu, dada.

Kuona kwamba sentensi haieleweki ndiyo kazi yako, na uliiona. Ulikosea ulipojijibu mwenyewe swali ambalo Marlys angelijibu kwa nusu dakika. Na kile kicheko cha mgahawani, hicho sikitetei.

Leo hii, kabla hujavua koti, mwambie Marlys, ana kwa ana. Kisha mkubwa wako. Kisha andika masahihisho ya ukurasa wa mbele, kwa maneno yasiyopinda: "Jiko lililoachwa likiwaka lilikuwa la Toivo Lahti, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Mhariri alibadilisha maneno bila kuuliza." Weka jina lako kamili chini. Usithubutu kuandika "kosa lilitokea".

Gazeti usilisubiri. Chukua karatasi hiyo umpelekee Reino nyumbani. Usimweleze sarufi, mpe asome. Wapo watakaoacha kukuamini. Waache, utafanya kazi nao wakiwa hivyo hivyo.

Nyongeza: majibu haya nilimsomea kwa simu wiki ile ile, na ameniruhusu niseme yaliyofuata. Marlys alilia, kisha akakataa kuongea naye siku nzima. Ijumaa Mwenye Kalamu akaenda kwa Reino. Mzee alisoma akiwa amesimama barazani, mara mbili, polepole.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, mzee."

Reino akaingia ndani, akatoka na kofia na funguo za gari, akampita pale ngazini bila kumuaga.