Masomo Yako Yamo Ndani ya Kompyuta

Mwalimu Ogweno,

Ni mimi, Nyar Mfangano, binti wa kisiwani, kama ulivyopenda kuniita hata mbele ya wakaguzi. Tangu tukuzike kwenu, kule nyuma ya Rodi Kopany, nimeianza barua hii mara tatu. Nilitaka kukueleza mazuri kwanza, na sikuyapata.

Kituo chetu cha walimu hapa Homa Bay kimeletewa kompyuta nne. Wanasema siku moja zitaungwa kwa waya wa simu, na mwalimu aliye Migori atasoma somo lilelile, saa ileile, na aliye Oyugis. Ungefurahi. Mimi pia nilifurahi. Kisha mratibu mpya akaniambia, "Madam, wewe ulifanya kazi na marehemu. Chukua vijitabu vyake uviingize humu."

Vijitabu vyako, Mwalimu. Vile ulivyoandika kwa mkono, nami nikavipiga chapa, tukavituma kwa posta kwa walimu waliokuwa wakifundisha bila kupitia chuo. Somo la kuelea na kuzama ulilifuta hadi karatasi ikatoboka. Ukaniambia, "Kabla hujaandika swali la kwanza, umeshaamua binadamu anajifunza namna gani. Ukikosea hapo, basi."

Wewe uliamua kwamba anayejifunza huja na kitu anachokijua tayari, hujenga juu ya hicho, na hujenga vizuri zaidi akiwa na mtu wa kubishana naye. Ndiyo maana somo lile lilianza hivi: Tafuta beseni la maji, jiwe, chungwa, na kipande cha sandali ya mpira kama kile wavuvi wanachofunga kwenye wavu. Bahatisha kwanza. Mbishie jirani yako. Usifungue ukurasa wa pili kabla hamjatia vitu majini.

Mratibu anaamini vingine. Si mtu mbaya. Anasema mtu akirudia, na kusifiwa kila anapopata, atashika. Kwa hiyo kompyuta inauliza, unabonyeza herufi, inaandika "Vizuri" au "Jaribu tena." Nilipofika kwenye "Mbishie jirani yako" nilimwuliza niiweke wapi. Akasema, "Toa." Nikatoa. Nikatoa na beseni. Nikatoa kubahatisha. Kwa kidole changu mwenyewe, Mwalimu. Hakuna aliyenishika mkono.

Siku ya kwanza ya kuzitumia alikuja Mwalimu Akinyi wa kwetu Mfangano, yule aliyekuwa akikuandikia majibu marefu hadi pembeni mwa karatasi, nawe ukiyasoma kwa sauti huku chai yako inapoa. Kompyuta ikamwuliza: chungwa huelea au huzama? Akanigeukia. "Limemenywa, au liko na ganda lake?"

Lenye ganda huelea, lililomenywa huzama. Aliyajua hayo kwa sababu yako, aliyaona kwenye beseni lake. Akabonyeza "huzama." Ikaandika: Jaribu tena.

"Madam, hii kitu imewahi kula chungwa kweli?"

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Lakini maswali ya namna hiyo yalikuwa mengi, na kila mara alitafuta herufi ya "inategemea," haikuwepo. Mwishoni ikamwandikia: Dhaifu. Rudia tangu mwanzo. Wenzake wakalisoma neno hilo nyuma ya bega lake. Akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaenda kungoja boti. Hajarudi.

Nina neno na wewe pia. Ulinifundisha kupanga somo, kusahihisha, hata kufunga bahasha isifunguke njiani. Hukunifundisha kukataa. Ukaugua, ukafa ndani ya wiki mbili, ukaniacha na funguo za kabati.

Wiki iliyopita mratibu aliniletea karatasi nitie sahihi, kuthibitisha kwamba masomo ni yako. Walitaka jina lako litokee kila kompyuta inapowashwa. Heshima kwa marehemu, alisema. Nikamwambia, "Haya si yake."

"Ni ya nani basi, Madam? Si ni wewe umeyaandika humu?"

Kalamu yake ilikuwa mkononi mwangu, na jibu lilikuwa lilelile alilolisema yeye. Nikamwambia aandike jina langu.

Kwa hiyo kila asubuhi jina langu ndilo linalotokea, kwa herufi kubwa, na walimu wageni wananipa mkono wa hongera. Lako halimo. Hilo ndilo pekee nililoweza kukuokolea.

Oriti, kwaheri, Mwalimu. Pumzika, kazi yako uliimaliza vizuri. Jumamosi hii napanda boti kwenda kwa Akinyi kumwomba radhi. Sitasema ofisi ilikosea. Nitasema nilikosea mimi. Nakuahidi hivi: akinifungia mlango, nitakwenda tena Jumamosi ya pili, na ya tatu, mpaka anisikilize.

Mimi,
Nyar Mfangano