Msalaba Unaomngoja Ayubu

Mwaka umezunguka, Baba Timotheo Shemhilu, tangu ututoke asubuhi ile ya Jumapili hapa Pongwe, na kaburi lako bado halina msalaba. Majirani wanatusema. Tunajua.

Tunakukumbuka ulivyokata mkonge mpaka vidole vikakataa kukunjuka, na bado ukirudi ulipita kuwachotea maji wagonjwa. Subira hukuzaliwa nayo. Chai uliinywa ikichemka, ukaungua ulimi, na kesho yake ukarudia. Mwanao wa kwanza ulimpa jina la Ayubu ukitaraji mvumilivu, naye akarithi haraka zako zote. Alipotaka shamba la michungwa liuzwe anunue bodaboda, mligombana, ukamwambia, "Hata nikifa, usikanyage hapa." Alikutii, Baba. Hata kukuzika hakuja.

Tangu aondoke, kila jioni ulisoma Injili, ile habari ya baba aliyemwona mwanawe angali mbali. Binti yako Brightness alikuuliza kama huichoki. "Mwanangu," ukamjibu, "Maandiko hayasemi yule baba alingoja miaka mingapi. Mungu kaificha makusudi, tusije tukamhesabia." Ukaacha kuuliza atarudi lini. Hata chai ukaanza kuingoja ipoe, nasi tukakucheka.

Wiki yako ya mwisho, mbele ya Mama na katekista, ulisukutua maji ukayatema uani, kuifuta ile kauli, kama wazee wako walivyofanya. Ukaagiza msalaba wako ausimike Ayubu, watu wote waone kwamba yamekwisha. Ayubu hajui. Simu yake haipatikani.

Jumamosi hii ni misa yako, na mdogo wako Castory amechoka kungoja.

"Shemeji, tunachekwa," alimwambia Mama Bibiana jana. "Asimike Brightness, yaishe."

Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Marehemu alisema Ayubu."

"Na asipokuja?"

Mama aliurusha ungo vibaya, mchele ukamwagika pamoja na chuya. Kwa kweli alikuwa anaogopa, na sisi tuliogopa kumwona hivyo.

"Basi tutarudi na msalaba nyumbani," akasema. "Siku anayoijua Mungu, atausimika. Lakini mwandikieni gazetini kwamba kauli ilifutwa. Mume wangu hakutuagiza tusubiri tumefunga midomo."

Ndiyo maana tunakuandikia hapa, Baba, ambapo na mwingine anaweza kusoma. Shimo limechimbwa. Msalaba umeegemezwa ukutani, chumbani kwa Ayubu.

Unakumbukwa na mkeo Bibiana, mdogo wako Castory, ambaye amekubali kwa shingo upande, binti yako Brightness, wajukuu zako, na mwanao Ayubu, uliyemsamehe.

Hutatutoka moyoni, Baba. Jumamosi tutachelewa kuondoka makaburini.