Funga Pampu

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Basi soma.

Leo ndiyo walikuwa wanazindua ile chemchemi ya kurusha maji pale kwenye bustani ya mjini. Miezi mitatu nimeinama kwenye lile shimo la pampu kama fuko.

Saa tatu asubuhi bosi akanitumia ujumbe: "Funga pampu kabla mgeni hajafika." Pampu ilikuwa inafanya kazi vizuri. Nikaifunga. Nikazima umeme, nikakaza na koki.

Mgeni rasmi akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena. Hata tone.

Bosi akanigeukia: "Si nilikwambia ufunge pampu?" Nikamwambia nimeifunga. "Ile ya pili, ya kuongeza nguvu! Bado iko stoo, haijapachikwa!"

Ya pili ipi? Nani aliwahi kunitajia pampu ya pili?

Halafu akashika kipaza sauti. "Mtuwie radhi, fundi wetu leo kaamkia kwenye chupa." Mimi. Kwenye chupa. Mimi ninayelewa kwa dawa ya kikohozi. Na watu wakacheka.

Binti yangu alikuwa mstari wa mbele na darasa zima, kawaleta waone maji ya mama yake. Akanisogelea taratibu, akaninusa mdomo. Mwenzangu, mtoto niliyemzaa ameninusa mdomo.

Sasa hivi bosi kaandika: "Wewe funga mdomo tu, haya yatapita."

Nimemjibu: "Kufunga kupi, bosi? Kwa kuzima au kwa kupachika?"