Kiti cha Mbele

Baba mkwe mpendwa,

Kayaki ile bado ninayo. Imeegemea ukuta wa nyuma hapa kwetu Nyamugari, mjini Gitega, na binti yako Modesta anaanikia juu yake viatu vya watoto. Kila nikipita pale nakuona wewe, umenipa mgongo.

Unakumbuka nilivyoileta Butihinda? Niliachiwa na mzungu mmoja niliyekuwa namshonea mashati, alipohama Gitega. Chombo chembamba cha plastiki, rangi ya chungwa, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Nikaifunga juu ya gari la abiria hadi Muyinga, nikapanda nayo pikapu ya muhogo mpaka kwako. Jirani yako akaizunguka, akauliza, "Mukwe, iyo ni mashua ao ni beseni ya kufulia?" Nikacheka naye, lakini kwa wasiwasi. Mimi fundi cherehani, Mwislamu wa mjini, nimeoa kwa wakulima Wakatoliki, na miaka yote hiyo sikujua kama ulinikubali au ulinivumilia tu. Nilitaka siku moja ya kukufurahisha.

Tulipoifikisha kwenye mto ulio karibu na kwako, ukaikagua. Wewe ulikulia Tanzania, ulivua kambale kwa ndoana tangu utoto, na majini hukuwa mgeni. Ukasema, "Mkwe, kaa mbele. Mimi nitapiga kasia nyuma."

Nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. "Oya, papa, hapana! Mi nikupe mugongo, we?"

Kwetu mkwe hampi baba mkwe mgongo. Tena hamkazii macho, wala hakai mahali pazuri kuliko pake. Nikaona wazi kwamba unanipima, unataka kujua kama sisi watu wa mjini tuna adabu. Uliposisitiza ndiyo kwanza nikanyenyekea zaidi. Nikakushika mkono, nikakuketisha mbele, nikajipongeza kimoyomoyo.

Basi nikashinda nikiutazama mgongo wako. Naujua sasa kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona: kofia yako ya kitambaa iliyopauka, shati la bluu, mshono wa bega la kushoto umefumuka. Vidole vilikuwa vinaniwasha, lakini nani anamwambia baba mkwe kwamba shati lake limefumuka? Ulikuwa unaongea ukitazama maji, nami nakiitikia kisogo chako, "Ndiyo, papa."

Halafu yule kambale akavuta. Mabega yako yakatikisika, ukaanza kumtukana kwa Kirundi, mara ukacheka. Kicheko kile sijawahi kukisikia nyumbani kwako! Ukasahau kabisa kwamba nyuma yako kuna mkwe. Ulipokumbuka, ukataka kugeuka unionyeshe, kayaki ikayumba, nikapiga kelele, "Usigeuke, papa, tutapinduka!" Ukatulia. Ukamwinua samaki juu ya kofia yako ili nimwone.

Tulipokuwa tunarudi ukajaribu tena. "Sasa tubadilishane viti, mkwe." Nikakataa kwa heshima zote. Ukainamisha kichwa mpaka tulipofika ukingoni, nikadhani ni uchovu. Nikarudi Gitega kifua mbele, nikamwambia Modesta kwamba mtihani wa baba yake nimeufaulu.

Hatukwenda tena. Mimi nilikuwa na nguo za sikukuu, kisha mvua zikaanza, kisha tukapigiwa simu.

Siku ya kuganduka, tulipokuwa tunamaliza matanga, watu wakinywa na kukusifu uani, mama mkwe aliniita jikoni. Akaniambia ulichomwambia jioni ile mkiwa mnampasua yule kambale. "Alisema, mkwe wetu ni kijana mzuri, lakini nimeshinda naye mtoni na bado sijamwona."

Nikamwambia nilikuwa nyuma yako muda wote.

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Alisema hapa nyumbani unamwonyesha adabu tu, kichwa chini. Alitaka ukae mbele usahau kwamba yupo, akuone unavyocheka. Hakubahatika kuwa na mtoto wa kiume, unajua."

Baba, nililia pale jikoni, nikausingizia moshi.

Maana kile ulichokitaka wewe nilikipata mimi. Nilikuona umesahau heshima zote, unamtukana samaki, unacheka. Wewe uliambulia sauti ya mtu nyuma yako ikisema ndiyo, ndiyo. Inaniuma. Naukasirikia unyenyekevu wangu, kwa sababu haukuwa heshima tupu. Nusu yake ilikuwa woga. Na mimi nacheka vibaya, baba, mpaka Modesta ananikanya mbele ya wageni. Ungefurahi.

Shati la bluu nilipewa mimi. Nimelikunja vizuri, lile bega sijaligusa.

Jumamosi tunakuja Butihinda na kayaki. Nimemwambia Modesta yeye atapiga kasia nyuma. Ameniuliza tangu lini mimi napenda kukaa mbele, nikaanza kuviondoa viatu vya watoto juu ya kayaki. Nitakaa mbele na ndoana yako, na samaki akivuta nitapiga kelele kama mwendawazimu.

Nitakupa mgongo, baba. Unitazame.

Mkwe wako,
fundi wa Nyamugari