Espoir Hakuwa Mupelelezi

Kampala, Nsambya

Mama yangu,

Minye binti yako Riziki ninakusalimia kutoka huku mbali. Unaamuka namna gani huko Mboko? Yale magoti yanakuachilia kidogo, ao baridi ya ziwa ingali inakukamata asubuhi? Na mihogo ya mujomba, imepona na ile mvua? Minye niko muzima. Mutoto wako Espoir naye iko muzima. Ninatanguliza hilo ili usisome barua hii ukiwa na roho mukononi.

Mama Nabintu ndiye anakuletea. Nimemuomba akupe weye mwenyewe, si muntu mwingine wa nyumba ile. Uisome peke yako kwanza, kisha utaona cha kufanya.

Ile sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza mpaka nimeijua kama sala. Ulisema: "Riziki, hapa nyumbani wanasema mutoto wangu alikuwa mupelelezi, ndiyo maana watu walimupiga. Niambie ukweli, hata kama unauma." Mama, ukweli unauma, lakini si upande ule unaouogopa.

Unakijua kile chumba cha Espoir pale Uvira, kartie ya Kimanga, alikokuwa anachaji simu za watu na kutoa fotokopi. Vita ilipoanza kushuka katika bonde la Ruzizi, alifungua kazi nyingine mulemule. Wamama wanaoleta mupunga kutoka Kamanyola, vijana wa pikipiki, waganga wa vituo vya afya, kila mumoja aliandika kwenye simu yake maneno mafupi: hapa wanapiga risasi, hapa njia imefungwa, hapa munaweza kupita. Mashini ya Espoir ilipokea yale maneno na kuyarudisha kwa wote. Hakukuwa na siri. Hata weye ulikuwa unayapata, ndiyo yaliyokutoa Mulongwe mapema.

Sehemu ya ndani ya ile programu niliitengeneza minye. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha hapa Kampala: tunaandika kipande ambacho wengine wanajenga programu zao juu yake, na kazi ya kile kipande ni kungoja. Jikumbuke sokoni na ndagala zako. Wateja ni wengi, weye ni mumoja. Haumushikilii mumoja mpaka amalize mazungumuzo yake. Unakaa, anayeita unamugeukia. Programu nayo ni hivyo. Lakini anayeiambia kwamba kuna muntu ameita ni mashini yenyewe, na kila aina ya mashini iko na desturi yake. Yenye Linux inasema, "Kuna muntu mulangoni, nenda umusikilize." Yenye Windows inasema, "Nimekwisha kukusikilizia, pokea maneno yake." Basi tunaandika musingi tofauti kwa kila aina, na siku ya kujenga programu lazima upange ni musingi gani itumie. Usipopanga, inajichagulia. Ikikosa ule unaofaa, inachukua musingi wa zamani wa akiba, unaofanya kazi popote lakini iko na nguvu kidogo. Nakusumbua na haya, Mama, juu watu walikufa ndani yake.

Asubuhi moja wenye bunduki waliingia kwa Espoir. Ni wa upande gani, hata yeye hajui; hawakujitambulisha. Mumoja alimupiga kitako cha bunduki mudomoni, meno ya mbele yakatoka. Wakabeba mashini, wakabeba batri ya jua, wakamuacha chini anatema damu kwenye karatasi za fotokopi.

Ningekuwa minye, ningekimbia. Yeye alivuka barabara akaingia kwa Papa Byamungu, yule muzee wa farmasi, ambaye alikuwa na mashini yake ya zamani ya kuandikia dawa. Ile ni ya Windows. Akanipigia simu minye dada yake. Maneno yalikuwa yanatoka vibaya juu ya ule mudomo.

"Yaya, tujenge tena. Papa Byamungu amenipa yake."

"Meno yako je?"

"Meno tutaongea kesho. Tujenge."

Tulijenga. Ujumbe ukaanza kuingia, mumoja, mwingine, mwingine. Nilimusikia Papa Byamungu akipiga makofi kama iko kanisani. Minye nami nilicheka, peke yangu mbele ya wenzangu wa kazi.

Kisha muganga mumoja wa kituo cha afya karibu na daraja la barabara kubwa akapiga kwenye simu nyingine ya Espoir, nami nikamusikia. Hakuandika, alipiga, na alikuwa analia.

"Espoir! Mbona hauwatumii watu maneno yangu? Nimeandika na kuandika! Wako wanaua watu hapa darajani! Wanawashusha magunia yao, kisha wanawapiga risasi!"

Espoir akatazama, akaniambia anachoona. Jina la muganga lilikuwemo, simu yake ilikuwa imeunganishwa, lakini hakuna neno lake hata moja lililoingia. Hapo nilijua. Programu ilikuwa imekosa musingi wa Windows ikachukua ule wa akiba, na ule wa akiba kwenye Windows unasikiliza simu sitini na ine tu. Anayekuja nyuma yao haimufukuzi. Haimuambii kitu. Inamuacha anaongea, na haimusikii. Muganga alikuwa amechelewa kuunganika, na wale wamama wa mwisho kutoka Kamanyola vilevile. Kundi la kwanza la wakimbizi lilifika darajani bila kuambiwa na muntu. Muganga anasema mutoni mulikuwa makapu yanaelea, na nguo za batoto.

Nyuma ya kundi lile kulikuwa kundi lingine, la Mama Nabintu huyu anayekuletea barua, wanawake na batoto wengi, wanashuka barabara ileile.

Mabombu yalikuwa yameanza kuanguka ndani ya muji. Niliyasikia kwenye simu, na madawa yakianguka kutoka kwenye rafu za farmasi.

"Espoir, toka hapo," nilisema.

"Na wale wa nyuma?"

Nilivuta kiti karibu na mashini yangu, Mama.

"Basi niambie niandike nini," akasema.

Nilimusomea herufi kwa herufi. Kwanza azime programu. Kisha afungue ile faili ya mipango, afute neno linaloiachia ijichagulie, aandike kwa jina musingi wa Windows. Akajenga. Ikakataa: kulikuwa na kipande kinakosekana. Nikakituma. Rezo ya simu ikakatika katikati, nikatuma tena, nikawa ninamulaani kila mwenye kampuni ya simu duniani. Papa Byamungu alikuwa anashikilia mulango wa chuma ufungike, maana mushindo wa kila bombu ulikuwa unaufungua. Kile kipande kikafika. Akajenga tena.

"Inazunguka, Yaya," alisema. "Inazunguka... imeshika."

Na palepale maneno yote ya muganga yaliyokuwa yanangoja ndani ya simu yake yaliingia kwa pamoja, yakaenda kwa wote. *Musipite daraja. Wanaua. Mushuke ziwani.* Mama Nabintu atakusimulia mwenyewe alivyoyasoma. Walikuwa wamekwisha kuona miti ya daraja. Waliacha barabara, wakaingia katika mashamba ya mupunga mpaka kwenye matete, wakatembea ndani ya maji na batoto mabegani.

Ndiyo upelelezi wa mutoto wako.

Simu ilikuwa ingali wazi juu ya meza watu walipokuja. Hawa hawakuwa na bunduki. Walikuwa vijana wa kartie, wa mutaa ule ule, wenye hofu na pombe, na mapanga na mbao.

"Huyu anajua kila bunduki iko wapi! Nani anamuambia?"

"Ile mashini inaongea na adui! Minye nimeiona!"

Aliyesema vile alikuwa Dieudo, mutoto wa mujomba. Mama, sauti ya Dieudo siwezi kuikosea. Tumekula bugali kwenye sahani moja naye tangu hatujaota meno. Alikuwa amekuja kuchaji simu mwezi ule, akaona majina ya njia na ya madaraja yanapita kwenye kioo, akabeba alichokiona bila kuuliza.

Papa Byamungu alisimama mulangoni. Nilimusikia: "Batoto wangu, huyu ni wa kwetu, hebu tuongee." Hawakuongea. Walimukata panga kichwani. Alianguka pale pale kwenye kizingiti cha farmasi yake, na wakamuruka kuingia ndani.

Kisha nikasikia kipigo cha kaka yangu. Sitakiandika chote. Nilisikia kitu kinavunjika nikafikiri ni meza. Ilikuwa mukono wake. Nilipiga kelele ndani ya simu, "Dieudo! Dieudo, ni Riziki! Mwacheni!" Nyayo zikasogea karibu na meza, simu ikaanguka chini. Kisha muntu akaikanyaga simu.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Espoir mwenyewe. Walimuburuta mpaka kando ya muto Mulongwe. Walimuvalisha mupira wa gari shingoni. Dieudo ndiye alimumwagia esanse ya pikipiki, na nyingine ilimumwagikia yeye mwenyewe miguuni. Mumoja alikuwa anatafuta kiberiti. Hapo bombu likaanguka ndani ya muto, karibu, kwenye mawe. Wengine walikufa, wengine walikimbia. Jiwe moja lilimutoa Espoir jicho la kushoto. Bombu lile lile lililomutoa jicho ndilo lilimuacha hai, na sijui nilishukuru ao nililaani.

Mama Nabintu na watu wake walikuwa wamefika muji kwa kufuata maji. Ndio walimukuta. Walimuvua ule mupira, wakamuosha esanse kwa maji ya ziwa, wakamufunga kwa vitenge vyao, wakamuingiza katika mutumbwi uliokuwa unavuka kwenda Burundi. Wakati ule hawakujua kama ndiye aliyewatumia ujumbe. Walimuokota tu kama muntu.

Niliomba ruhusa kazini, nikamufuata Burundi nikamuleta. Sasa tuko naye hapa chumbani kwangu. Anakula uji na maboga yaliyopondwa. Mukono umeunga vibaya kidogo. Pikipiki ikipita kwa kishindo anashuka chini ya meza, nami ninashuka naye, tunakaa pale mpaka inapita. Majirani wa hapa hawatuulizi kitu. Wakongomani ni wengi, kila muntu iko na meza yake.

Juma lililopita alinivuta mukono, akasema, "Nionyeshe ile kitu." Nilimufungulia kazi yangu, tukaibadilisha pamoja, yeye anasema, minye ninaandika. Sasa ile programu ikikosa musingi wa mashini inakojengwa, haijichagulii ule wa akiba kimya kimya. Inasimama, inakataa kujengwa, inasema waziwazi inakosa nini. Mukubwa wangu wa kazi alikuja kututembelea, akaitazama, akasema ni vizuri, lakini wateja watalalamika sana kwamba inawasumbua. Espoir alimugeuzia lile jicho lililobaki.

"Walalamike," alisema. "Mwenye kulalamika iko hai."

Mukubwa akaaga. Kesho yake aliipokea.

Mama, sikuambii uhame. Nyumba ile ni ya kaka yako na alikupokea ukiwa mikono mitupu. Lakini kama ukiona hauwezi tena kukaa nao meza moja, Mama Nabintu iko na chumba kule Baraka na amesema hatakuuliza sababu. Na kama ukikaa, basi ile siku watakaposema tena "mupelelezi," uwe na cha kujibu.

Umusalimie mujomba Kashindi, kaka yako. Najua hajui alichofanya mutoto wake, na sitaki akisikie kutoka kwa midomo ya sokoni. Umusalimie Mama Anna, muke wake, aliyekupa kitanda chake. Umusalimie binamu Furaha na mutoto muchanga, niambie ni nani anafanana naye. Ukipata njia ya Uvira, umutumie salamu mujane wa Papa Byamungu, na umuambie Espoir analitaja jina la muzee kila anapoanza kula.

Nilifikiri salamu zinaishia hapo. Lakini Espoir, nilipokuwa ninamusomea majina haya, aliniuliza:

"Dieudo naye alipona na lile bombu?"

"Alipona. Iko kwa baba yake, anakula na Mama."

Alisukuma bakuli la uji kando. Kisha akasema, "Umuandike naye."

"Espoir, umesikia ulichosema?"

"Nimesikia. Weka jina lake pamoja na ya wengine."

Basi ninaliweka, juu ndiye mwenye majeraha na ndiye mwenye ruhusa. Salamu kwa Dieudonné, mutoto wa mujomba. Zinatoka kwa Espoir.

Kwangu minye hazijatoka.

Ubaki na Mungu, Mama, na uvae sweta asubuhi.

Binti yako,
Riziki